Zamu ya Mwenyekiti

Mvua ilikatika alfajiri. Syombua alipotoka nje ya kanisa walimolala na kulikuta jua, jua kamili lisilo na aibu, alisema "Asante Yesu!" kwa sauti kubwa hata mbwa wa mchungaji akambwekea. Hakumjali. Alivua sweta lake lililolowa, akalitandaza juu ya ua, akasimama pale akiota joto na kutabasamu peke yake.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Kwa misimu mingi mfululizo watu wa Ukambani walikuwa wamefunga, wamekesha, wamelia wakiomba mvua, na mbingu zikajifanya hazisikii. Kisha mwaka huu Mungu akaamua kuyajibu maombi yote kwa mkupuo mmoja. Mito ambayo watoto walizoea kuchezea mpira kwenye mchanga wake ilivunja kingo, ikabeba mbuzi, mizinga ya nyuki na vyoo vya watu wazima wenye heshima zao. Watu waliokuwa wakichimba mchanga juzijuzi kutafuta maji ya kunywa sasa walikuwa juu ya vilima wakiyakimbia.

Lakini mvua ilikuwa imekatika. Lori la Ngwatanio, shirika lao la misaada, lilikuwa limevuka daraja la mto Athi salama salimini kutoka Mbumbuni, upande wa Makueni, hadi huku Kitui, na mahindi na maharagwe hayakuingia tone. Mchungaji Mulinge aliwapa kanisa lake walale. Hata trekta lilikuwa limepatikana, maana mbele ya kanisa barabara iligeuka tope tupu na lori lisingesogea hatua moja. Mwenye trekta, Muli, alikwenda mapema kupima maji kwenye kivuko cha saruji, akarudi suruali imelowa mpaka kiunoni na uso umejaa furaha.

"Inapitika," alisema. "Lakini ni safari moja tu, mama. Enda na urudi. Kule milimani mawingu imeanza kujipanga tena. Kufika jioni hii mto itakuwa imerudi."

Ng'ambo ya kivuko barabara iligawanyika. Upande mmoja ulikwenda shule ya msingi iliyo mlimani, ambako familia nyingi zilikuwa zimekimbilia. Upande wa pili ulikwenda soko dogo la Kwa Ndeti. Safari moja, njia mbili. Hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa kikaoni, na Syombua, mwenyekiti wa Ngwatanio, alikuwa mtu wa vikao. Aliendelea kuota jua.

Hapo simu yake ikalia.

"Mama," alisema binti yake, Kathini. "Imeanza."

"Nini imeanza?" Syombua aliuliza, ingawa alijua.

"Uchungu. Tangu usiku. Mama, Mutie amejaribu kuvuka atafute gari, karibu abebwe na maji. Ijabo wa dukani, yule mkunga, ako hapa na mimi. Anasema mtoto hajakaa vizuri. Mama, chaji yangu ina..."

Simu ikakatika. Syombua alipiga tena, na tena, akajibiwa na yule mwanamke wa kampuni ya simu ambaye husikitika bila kusikitika.

Kathini alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa ameolewa na Mutie huko Kwa Ndeti, na mimba hii ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na daktari alimwambia Kathini mbele ya mama yake kwamba wa pili asithubutu kumzalia nyumbani, kwa sababu mshono unaweza kupasuka na wakaondoka wote wawili. Syombua aliyakumbuka maneno hayo pale pale uani, na lile jua likawa halina joto tena.

Mama mwingine angeingia kanisani akipiga mayowe. Syombua aliingia kimya, akajaribu kujifunga leso vizuri, akaketi kwenye benchi la mbele. Usimlaumu mapema. Kwanza ujue Ngwatanio ilitoka wapi.

Siku hizi Ngwatanio, yaani kushikana, ni shirika la misaada. Lina cheti, lina fulana za njano zenye picha ya mikono miwili, na lina wafadhili wanaokuja kutoka Nairobi wakiwa wamevaa viatu visivyofaa. Lakini lilizaliwa shambani Mbumbuni, tena kwa ugomvi. Kulikuwa na mwethya pale, kundi la majirani wanaolimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Mwenyekiti wa mwethya ule alikuwa na ugonjwa mmoja: kila mvua ilipokaribia, kazi ilianzia shambani kwake. Kisha kwa dada yake. Kisha kwa shemeji zake, ambao walikuwa wengi kuliko nzi. Waliobaki mkiani walipanda wakati mawingu yameshaaga.

Mkiani kabisa alikuwa Mbithe, mwanamke mwenye mdomo ambao hata machifu waliukwepa. Siku moja, katikati ya shamba la mwenyekiti, Mbithe aliangusha jembe, akasema yeye si punda, akaenda zake. Wenzake wakamfuata. Walikaa jikoni kwake wakala muthokoi, na mahindi yale yaliyokobolewa yakawapa nguvu ya kuanzisha mwethya wao. Nani awe mwenyekiti? Mbithe akamnyooshea kidole Syombua, ambaye wakati huo alikuwa mjane kijana asiyesema sana. "Huyu," alisema, "kwa sababu hataki."

Sheria waliziweka palepale kwa mdomo, ndiyo maana ni fupi. Ya kwanza: kabla ya kuamua, kila mtu aseme anachojua. Ya pili: mwenye shida zaidi atangulie, bila kuulizwa ukoo wala anasali wapi. Ya tatu, ambayo Mbithe aliisema huku akipiga meza: mwenyekiti hulimiwa mwisho.

Ndivyo walivyoishi. Ukame ulipokuja waliacha kulimiana, maana hapakuwa na cha kulima, wakaanza kulishana kwa sheria zile zile. Wafugaji kutoka kaskazini mashariki walipoingia Kitui na ngamia waliobaki mifupa, waumini kadhaa walinung'unika kwamba Waislamu wana watu wao wa kuwalisha. Mbithe alimwuliza mmoja wao kama njaa ilikuwa imemwambia dini yake. Wakaenda. Wakachinja mbuzi kwa mapenzi yote, wakapika, wakapakua, na wageni wakaitazama ile nyama bila kuigusa, kwa sababu hakuna Mwislamu aliyeshika kisu. Watu walilala njaa mbele ya sufuria iliyojaa. Kesho yake mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Shire, mwenye lori, na duka Kwa Ndeti analoliendesha mkewe Ijabo, alikuja kwa Syombua akicheka mpaka machozi. Alisema shirika hili lina moyo mzuri lakini halina wa kuliuliza maswali, na tangu siku hiyo amekuwa mwanachama, na lori lake pia.

Sasa ile sheria ya tatu. Miaka yote Syombua alikuwa wa mwisho. Kuna misimu aliyovuna mabua, akaenda mjini Wote kununua mahindi sokoni huku watu wanamwona. Walimwona, na wakamheshimu. Wageni walipokuja, Gedion, katibu wao, aliwasimulia habari ya shamba la mwenyekiti, nao walitikisa vichwa na kupiga makofi. Heshima hiyo ilimwingia Syombua damuni. Hakuwa na mali, hakuwa na kisomo kikubwa, lakini alikuwa na hiyo.

Kwa hiyo aliketi kwenye benchi la mbele, mikono imebana leso, na kikao kikaanza.

Gedion alisimama. Ni kijana mwenye shahada, na huongea Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. "Okay, wazee na mama zetu. Trekta ni moja, trip ni moja. Tunaenda shule ama tunaenda Kwa Ndeti? Kabla tuamue, kila mtu aseme kile anajua. Pastor, anza."

Mchungaji Mulinge alisema anachojua. Shuleni unga uliisha jana. Kuna watoto wengi, kuna wazee, wamelala kwenye madarasa. Kwa Ndeti nyumba hazikuingia maji, na duka la Ijabo lilikuwa na unga bado.

"Kwa Ndeti kuna mgonjwa? Mama mjamzito? Mtu hawezi ngoja?" Gedion aliuliza.

"Mimi sijasikia," alisema mchungaji.

Swali likazunguka benchi kwa benchi. Muli alisema ya mto. Mbithe alisema mifuko ya maharagwe isikae chini, kuna unyevu. Likafika kwa Syombua. Watu wote wakamtazama kwa ile hali ya kumwamini bila kufikiri, na hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Aliwaza: nikisema, watasema mwenyekiti wa Ngwatanio ameona njaa ya watoto wa shule nzima, akalichukua trekta akampelekea binti yake. Habari itafika Mbumbuni kabla yangu. Itafika Matiliku. Aliwaza pia kwamba uchungu wa kuzaa huwa mrefu, kwamba maji yataendelea kupungua, kwamba Muli pengine amekosea kuhusu mawingu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

"Sina la kuongeza," alisema.

Walipopiga kura, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka kwa ajili ya shule. Kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya kanisa, akaipiga simu ya Kathini tena, na bado ilikuwa imezimika.

Magunia yalikuwa yameanza kupakiwa kwenye trela la trekta Shire alipotokea. Asubuhi yote alikuwa chini ya lori akishughulika na breki, na alikuja mbio, mikono myeusi kwa grisi, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Mama Kathini!" aliita. "Mbona hawa wanapakia ya shule? Ijabo ako kwa simu. Anasema msichana anaumia vibaya sana, tumbo imekuwa ngumu, lazima afike hospitali leo. Anasema wewe ulipigiwa mapema. Wallahi nilijua mmeshapanga!"

Aliyekuwa na gunia begani alibaki nalo begani. Mbithe, aliyekuwa akihesabia watu kazi kwa kidole, alikiteremsha kidole chake polepole.

"Ulijua?" alimwuliza Syombua.

"Nilijua."

"Na uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Asi! Syombua!" Mbithe alirusha mikono juu. "Mtoto wako anakufa, wewe unasema sina la kuongeza?"

"Ningesema nini, Mbithe? Watoto wa watu wakae njaa, trekta iende kwa binti ya mwenyekiti? Si ni wewe uliweka hiyo sheria?"

"Niliiweka juu ya magugu!" Mbithe alipiga kelele. "Juu ya jembe na mahindi! Shamba inaweza kungoja. Shamba ukiichelewesha inamea majani, basi. Mtoto ako ndani ya tumbo anangoja zamu? Sheria ya kwanza ni gani?"

Syombua alianza kujifunga leso upya.

"Ni gani?"

"Kila mtu aseme anachojua."

"Umevunja ya kwanza ndio ukae mzuri na ya tatu."

Syombua alihisi maneno hayo yakimwingia hadi ndani, na yaliuma kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Alidhani anawalinda watoto wa shule. Kumbe alikuwa akililinda jina lake, na bei aliyokuwa tayari kuilipa ilikuwa Kathini. Aibu ilimshika akajishikilia kwenye gurudumu la trekta.

Gedion alikuwa mtu wa kwanza kupata sauti. "Okay, inabadilika, mwenye shida zaidi ni Kathini, hiyo ni clear. Lakini wale wa shule? Tuliwapigia, tukawaambia chakula iko njiani."

Mbithe alijipiga mabega yake mawili. "Hizi ni za nini? Tangu mpate lori mmesahau mko na migongo. Kuna njia ya juu, ile ya kupita kwenye mwinuko, inavuka mto huko juu kwa daraja ya miguu, haishuki kwa kivuko. Ni mbali na ina miiba. Basi ni mbali na ina miiba! Fungueni hayo magunia, kila mtu abebe anachoweza. Pastor, ita watu wa kanisa."

Wakati mwingine watu hungoja miaka kuamriwa jambo kama hilo. Magunia yalishushwa kwa kelele, karibu kwa furaha. Mke wa mchungaji alileta godoro lake mwenyewe, likatandikwa kwenye trela pamoja na mablanketi. Muli aliwasha mtambo. Shire akaruka juu na mfuko mmoja wa maharagwe, ili nao Kwa Ndeti wasiachwe mikono mitupu.

"Panda," Mbithe alimwambia Syombua, safari hii kwa upole. "Enda kwa mtoto wako."

Syombua alitamani kupanda kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Aliweka mguu mmoja juu ya chuma cha trela. Kisha akaushusha. "Mimi si mkunga," alisema. "Nikienda nitakuwa mzigo, na kurudi mtajaa. Wale wa shule waliambiwa trekta inakuja. Lazima mtu awaambie imeenda wapi, na huyo mtu ni mimi."

Trekta likaondoka likinguruma. Syombua alijifunga mzigo wa mahindi mgongoni, ukanda ukapita kwenye paji la uso kama alivyobeba kuni utotoni, akaingia njia ya juu nyuma ya Gedion. Ilikuwa na miiba kweli, na tope lililovua watu viatu. Alitembea akisali, na sala yenyewe haikuwa na mpangilio: Ngai, Kathini. Ngai, Kathini. Alikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu chepesi alichokitambua baada ya muda. Alikuwa amepumua. Tangu simu ya asubuhi alikuwa ameubeba mzigo peke yake, na sasa kila mtu aliyekuwa mbele yake na nyuma yake alikuwa na kipande chake.

Walipokaribia shule, watoto waliwaona wakakimbia kuwalaki. Watu wazima walisimama uwanjani wakitazama nyuma ya msafara, wakisubiri trekta litokeze. Halikutokeza. Walichoona ni watu waliochoka, wamechanwa mikono, kila mmoja na kimzigo kisichotosha ahadi waliyopewa.

"Sema imekwama kwa matope," Gedion alimnong'oneza. "Hata si uongo sana."

"Nimenyamaza vya kutosha leo," alisema Syombua.

Alitua mzigo, akasimama mbele yao. Aliwaambia kwamba trekta lilikuwa lao, kwamba kura ilipigwa wakapewa, na kwamba lilikuwa limepakiwa. Kisha likageuzwa likaenda Kwa Ndeti, kwa sababu kuna mwanamke anayejifungua vibaya. "Huyo mwanamke ni binti yangu," alisema. "Chakula mliyoahidiwa ni nyingi kuliko hii. Ingine itabebwa kesho kwa mgongo hivi hivi. Leo mtakula kidogo kwa sababu ya mtoto wangu. Sikutaka mambo hayo msikie kwa mtu mwingine."

Mwanamume mmoja, Mbuvi, aliyekuwa amembeba mtoto begani, alisema kile ambacho Syombua alikuwa amekiogopa tangu asubuhi. "Kwa hivyo wetu ndio wa kungoja?"

"Ndiyo," alisema Syombua. "Wamengoja. Siwezi kusema si hivyo."

Mbuvi alifungua mdomo tena, lakini bibi mmoja mwenye fimbo alipita katikati ya watu na kumsukuma pembeni kama mlango uliolegea. Jina lake Kasiva. Ndiye aliyekuwa akigawa unga pale shuleni hadi ulipoisha, na hakuna aliyemchagua.

"Amejifungua?" alimwuliza Syombua.

"Sijui, susu," alijibu kama mtu anavyomjibu bibi yake. "Hatujapata simu."

"Na mbona umesimama hapo kama mtu ako kortini? Kaa chini. Nyinyi wengine, washeni moto. Mnaangalia nini?"

Moto ukawashwa, sufuria za shule zikatekwa, maharagwe yakaanza kuoshwa. Lakini ilikuwa kazi ya mikono tu, kwani kutoka ukingo wa uwanja mtu aliweza kuuona mto wote kule chini, na taratibu watu walianza kuziacha sufuria na kusogea ukingoni. Nyuma yao mbingu ilikuwa imeingia giza upande wa milimani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na hata asiyejua mito aliona kwamba yalikuwa yakipanda.

"Ile pale," mtoto mmoja alisema.

Trekta lilitokeza kwenye njia ya Kwa Ndeti, dogo kabisa kwa mbali. Kwenye trela ilionekana baibui nyeusi ya Ijabo, ameketi na kumkumbatia mtu aliyefunikwa blanketi, na Mutie na Shire wamesimama pande mbili. Liliingia majini. Likaenda, likaenda, kisha katikati ya kivuko likasimama.

Trela lilisogezwa kidogo na maji, mkia wake ukapinda kuelekea chini. Syombua alisikia mtu akilia kwa sauti nyembamba, na haikumjia kwamba ni yeye. Mkono ukamshika mkono wake kwa nguvu, wenye sugu na baridi. Ulikuwa wa Kasiva. Upande wa pili alisimama Mbuvi, mtoto bado yuko begani, akisema chini kwa chini, "Twende, Muli. Twende, bwana. Tia gia, twende."

Wingu la moshi mweusi likapanda. Trekta likatikisika, likakaza, na magurudumu ya mbele yakashika ng'ambo. Kisha ya nyuma. Kisha trela lote likapanda kutoka majini likimwaga maji kila upande, na watu wa uwanja ule walipiga ukelele ambao hata Muli, kwa masikio yaliyoharibiwa na injini, alikuja kuapa baadaye kwamba aliusikia. Mbuvi alikuwa akirukaruka. Mtoto wake begani alikuwa akicheka bila kujua kwa nini.

Lori la Shire lilikuwa limeshageuzwa kuelekea hospitali. Waliuona mwanga wa taa zake ukiondoka, kisha ikabaki kungoja. Gedion alipanda juu ya mwamba nyuma ya madarasa, mahali pekee penye mtandao, akakaa pale na simu mkononi kama mvuvi asiye na ndoano. Muthokoi uliiva na ukapakuliwa, watoto wakala. Watu wazima waliosha mikono, wakakaa na sahani zao magotini, na wengi hawakuanza.

Simu ilipolia, Gedion alisikiliza, akasimama, karibu aanguke mwambani.

"Ni msichana!" alipiga kelele. "Wamempasua, ametoka! Ni msichana, analia, na Kathini ako sawa! Ako sawa kabisa! Ijabo anasema mtoto ana kelele kama Mbithe!"

Vigelegele vilipanda kutoka kila darasa. Syombua alikaa chini palepale kwenye tope. Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso, machozi ya mtu aliyeliona shimo na kuvutwa nyuma. Wanawake walimzunguka, wakamshika mabega, wakamtania kwamba bibi hulia kuliko mtoto. Alipopata pumzi aliwatazama, sahani zao ndogo, tope lao, na akaanza kusema asanteni, nisameheni, kesho nitahakikisha...

"Wacha hiyo maneno," alisema Kasiva. Aliteremka polepole kwa msaada wa fimbo yake hadi akaketi karibu naye. "Sasa sikiza. Tangu ukame unakuja hapa na hiyo lori. Mnatupatia chakula, sisi tunashika, tunasema asante, tunapigwa picha. Kila mwaka. Hujawahi kutuomba kitu, hata maji ya kunywa mnabeba yenu. Leo sisi tumekupatia trekta."

Alivuta sahani yake, akala kijiko kimoja, akatafuna taratibu kwa meno yaliyobaki.

"Kumbe kupeana ni tamu hivi," alisema, "na miaka yote mmekuwa mkiila peke yenu."

Syombua alianza kucheka huku bado analia, na watu wa shule ile, wakiwa na tope mpaka magotini na njaa ya tangu jana, wakacheka naye.